Moshi wa Kuni Mbichi

Jirani yangu hapa Woolwich, ughaibuni tulikohamia, amewasha kuni mbichi, na moshi wake umenirudisha kwenye ile kambi ya msituni ambako shule ilinipeleka, eti nikatibiwe hasira. Kutwa tulikokota kuni, kisha tukauzunguka moto tukingoja kupona. Mshauri wetu, jitu zima lenye kaptura, alipekecha vijiti asubuhi nzima. Moto ulipowaka, alilia kwa furaha, nasi tukaambiwa tupige makofi.

Niliporudi nyumbani, mama alininusa mlangoni.

"Walikufundisha nini huko?"

"Kuwasha moto wa kuni."

Alinivua koti akalitupa nje mvuani.

"Nyanya yako alipofuka kule kijijini kwa moshi huu huu wa kuni," alisema. "Na mimi ndiye niliyetia sahihi fomu ya shule uende."