Bushi ya Katapila la Lambo

Baba mkwe wangu, mzee Zefania, hulamba chuma kabla ya kukichagua. Shaba mbovu, husema, ina ladha ya damu, na shaba nzuri ina ladha ya maji ya kisima kirefu. Sijui kama ni kweli. Mara ya kwanza nilipomwona, nilipoletwa kuolewa na mwanawe Chrispin, alikuwa ameketi juu ya mnyororo wa katapila, amefumba macho, anagonga kipande cha chuma kwa msumari na kukiweka sikioni. Nikadhani anasali.

Alizaliwa chini ya mlima wa Sekenke, na ujana wake aliumaliza mgodini akipaka grisi mashine za kuvuta maji. Hakusoma. Namba zilizogongwa kwenye vyuma, kwake ni kama chale usoni mwa mtu wa kabila asilolijua. Mgodi ulipofungwa alifuata kazi za barabara, na baadaye akapewa katapila la wilaya alitunze. Kipimo chake kilikuwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Aliuzungusha kwenye chuma, akafunga fundo pale ncha ilipourudia ukanda, basi. Ukanda huo ulikuwa mweusi kwa samli na jasho la miaka, laini kama sikio la mbuzi, na kwa huo alichagua spea zote alizowahi kuchagua.

Jina lake naliandika tu. Mdomoni sijawahi kulitia. Kwetu mkamwana hamsemeshi baba mkwe, wala yeye hamsemeshi mkamwana. Maneno yetu yalipitia kwa binti yangu Hana, ambaye alikuwa na miezi minane na hajui hata kusema maji. "Hana, mwambie mama yako uji umepoa." "Hana, mwambie babu naupasha." Mtoto anacheka, ujumbe umefika. Mama mkwe wangu, Dorika, husema hakuna tarishi aliyefanya kazi kama Hana na kulipwa ziwa tu.

Hayo ni ya mwaka wa vijiji, sabini na nne, tulipohamishiwa tambarare hii upande wa Misigiri. Nyumba zilipangwa kwa mistari kama madaftari ya shule, lakini maji hayakuwapo. Tulitoka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini, ndoo moja kila mmoja. Ndipo wilaya ikatukopesha katapila lile alilotunza baba mkwe, lichimbe lambo na kusukuma tuta la kuzuia maji ya korongo. Likimaliza, lingekwenda Kinyangiri, na zamu yetu haingerudi. Tuta lilibaki na pengo la hatua arobaini katikati. Kila mtu alijua: mvua ikikuta pengo lile, maji yatapita hapo na kubeba tuta lote, na mwaka ujao tutarudi kwenye ndoo moja.

Hana alizoea mngurumo ule. Alilala nao mgongoni mwangu kama anayebembelezwa, na mimi pia, nikipalilia kando ya tuta, nilikuwa naota macho wazi: naona maji yametulia pale palipo vumbi, naona mawingu ndani yake, naona mwanangu amekua anaingiza miguu. Basi siku moja Hana akashtuka na kulia. Kimya kilikuwa kimemwamsha.

Roli moja ya chini, ile inayobeba mnyororo, ilikuwa imekwama. Roli huzunguka juu ya pini, na kati ya pini na roli kuna bushi, yaani pete nene ya shaba. Bushi ilikuwa imesagika, inatoka viganjani kama unga wa mahindi ya njano. Pini ilikuwa nzima. Dereva, Antipasi, alishuka akaangalia mbingu, kisha akaangalia pini.

Baba mkwe alitoa ukanda wake auzungushe kwenye pini. Ukakatika. Alikaa akiutazama viganjani, vipande viwili. Asubuhi hiyo ng'ombe wetu alikuwa amevunjika mguu tukamchinja, na ngozi ilikuwa imewambwa uani, bado mbichi. Alikwenda akakata ukanda mpya pembeni ya ngozi ile, akarudi, akapima, akafunga fundo. Niliuona ukimetameta kwa unyevu. Nikaona kitu, lakini kilikuwa bado hakijawa neno.

Kesho yake lori la kijiji lilikuwa linakwenda Singida, nami nilipanda kwa sababu macho ya Hana yalikuwa yanatoa tongotongo. Baba mkwe alikaa ubavuni, ukanda ameuning'iniza shingoni kama rozari. Jua lilikuwa kali, upepo mkavu. Majabali yalipita taratibu kama ng'ombe waliolala, nami nikasinzia, nikazinduka, nikasinzia. Kila nikizinduka naona ukanda umebadilika rangi kidogo: wa samawati iliyofifia, halafu wa kijivu, halafu wa manjano kama kucha. Mwishowe ulisimama wenyewe shingoni mwake, mkavu kau, umejikunja.

Stoo ya mjini ilikuwa ya baridi na giza zuri. Spea zililala kwenye rafu, zimeviringishwa karatasi za kahawia zenye mafuta, kama watoto wachanga wa wodi moja. Nilitamani kupita kimyakimya nisiziamshe. Mtunza stoo, Yeremia, alimwamkia baba mkwe shikamoo, kisha akaanza utani wake: leo mzee amekuja kulamba nini, maana grisi anayo pipa zima. Baba mkwe akamjibu kwamba ataanza na ulimi wa Yeremia aone kama ni shaba au bati.

Zililetwa bushi mbili. Nje zilifanana, ila tundu la moja lilizidi kidogo tu, unene wa ukucha. Karatasi ya wilaya iliruhusu moja, na safari nyingine ya lori ilikuwa baada ya wiki tatu. Baba mkwe alizigonga, akasikiliza, akalamba. Zote nzuri. Ndipo akauzungusha ukanda ndani ya matundu, na fundo likakutana sawasawa na ncha kwenye ile ndogo.

"Hii," akasema.

Yeremia akachukua kalamu. Sasa kile kitu kilikuwa neno. Hana alipozaliwa mama yangu aliniletea mbeleko ya ngozi ya ndama ambayo haikulainishwa vizuri. Niliiloanisha, nikamfunga nayo, nikaenda shamba juani. Tulipofika ilikuwa imembana mpaka anakoroma. Nani kwetu hajui ngozi mbichi ikikauka inavyorudi nyuma? Hata yeye anajua. Mashoka yetu yote yamefungwa hivyo. Ila miaka yote alipima kwa ngozi iliyokwisha kuzeeka, na mkono ukishazoea hauulizi.

Nilimgeuza Hana kutoka mgongoni nikampakata. Nikainamisha uso, nikamsemea mtoto, kwa sauti ya kufika rafu ya mwisho.

"Hana, mwambie babu, ile mbeleko ya ndama ilikukaba jua lilipoikausha. Asubuhi ilikuwa inakutosha."

Yeremia alicheka, akadhani nambembeleza mtoto. Baba mkwe hakucheka. Aliushika ukanda, akaukunja, ukalia kama kijiti. Kisha akaomba maji kwenye kopo, akauzamisha ukanda, akaketi kando yake.

Tulingoja. Hana alilala. Ukanda ulirudi polepole kuwa hai, ukawa wa samawati tena. Alipoupima, kwenye bushi ndogo fundo lilivuka ncha, lakini kwenye kubwa halikuifikia. Lilisimama katikati.

"Sasa mzee?" Yeremia akauliza. "Wa katikati sina."

"Ngozi ikishakauka hairudi yote," baba mkwe akasema. "Nipe kubwa. Penye nafasi nitajaza. Pembamba sitapanua."

Njiani kurudi sikusinzia. Nilifikiri: kama nimekosea, kijiji kizima kitakunywa kosa langu.

Kulipopambazuka wote tulikuwa pale kwenye tuta. Bushi iliingia kwenye pini, ikacheza, kidogo tu. Nilisikia mlio wake, tik, tik, nikafunga macho. Baba mkwe alikata kipande cha bati kutoka kopo la mafuta ya taa, akakiviringisha, akakisukuma kati ya pini na bushi kwa nyundo ndogo, akageuza roli kwa mkono. Haikulia. Akaigeuza tena. Halafu akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akasema:

"Mama Hana, nipe grisi."

Antipasi alinitazama. Mama mkwe alitazama pembeni. Mtoto alikuwa amelala mgongoni, hakutumwa na mtu. Nilichota grisi nikamwekea kiganjani.

Katapila lilinguruma kabla ya saa tatu, na siku ya tisa pengo likafungwa.