Siku Nilipomfokea Baba Mkwe Uwanjani

Jamani, mimi nimevaa jezi ya taifa ya kriketi, nimerusha mpira ugenini mbele ya watu nisiowajua wala sikutetemeka, lakini aibu niliyoipata Chiwanda, kwenye uwanja wa shule ya msingi wenye mchanga na mbuzi, nikiikumbuka hadi leo najifunika shuka usoni.

Ilikuwa miaka ile simu za mkononi ndiyo zinaingia, ukitaka mtandao unapanda kilimani. Mimi ni mzaliwa wa Kitura, milimani, ambako mpira ukikuponyoka unaufuata bondeni (kwa hiyo kriketi nilijifunzia Dar es Salaam, shuleni), na kazi yangu kwenye timu ilikuwa kurusha mpira wa polepole unaozunguka, ukigusa chini unapinda. Nikachumbiwa na Severin, kijana wa huko Chiwanda, ziwani, na kila kitu kilikwenda vizuri isipokuwa baba yake, Mwalimu Alfons, mstaafu, ambaye hakuelewa ni mke gani huyo wa kwenda kambini miezi mizima kutupa mpira. Na neno la mwisho lilikuwa lake: nikishaolewa nirudi timu ya taifa, au nibaki kuanika usipa, vile vidagaa vya ziwani.

Basi nikajiona mjanja. Nikaandaa mechi ya maonyesho na kina mama wa kwaya, na ili mzee ajisikie, nikamwomba awe mwamuzi, nikampa na kitabu cha sheria akisome (mwalimu mstaafu unampa kitabu cha sheria, akili zangu zilikuwa wapi?).

Aliyeshika ubao wa kupigia mpira, kulinda vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma yake nisivipige, alikuwa wifi yangu Hilda, mwenye mdomo huyo!

"Wifi, hebu rusha tukione hicho kinachokuzuia kupika!"

Nikarusha. Mpira ukapinda, ukamgonga mguu uliokuwa umeviziba vijiti. Kisheria huyo ametoka, ila mwamuzi hasemi kitu mpaka aulizwe, na kuuliza kwenyewe ni kumgeukia, kuinua mikono na kupiga ukelele wa "Hauzaaat!", Kiingereza cha "Hiyo je?"

Sasa nani amfokee baba mkwe? Mimi niliyefundishwa kupiga goti hata nikimpa mkwe maji ya kunawa? Nikapiga goti pale pale mchangani.

"Shikamoo Baba. Samahani, eti Hilda hajatoka?"

"Marahaba, mwanangu," akajibu kwa upole kabisa. "Swali sijasikia. Nimesikia salamu."

Nikarusha tena, mguu tena, goti tena, marahaba tena. Kina mama wa kwaya wakadhani kupiga goti ni sehemu ya mchezo, wakaanza kuniiga, ikawa kila nikirusha uwanja mzima unapiga goti, Hilda katikati anakata kiuno, watu pembeni wanashika mbavu, na Severin, mwanamume wangu huyo, kajificha nyuma ya mlingoti wa bendera. Ndipo nikamsikia mzee akimwambia mama wa kwaya aliyesimama karibu naye, "Na huko nje ya nchi wanampandisha ndege kwa ajili ya hili?"

Iliniuma, sitaki kuwadanganya. Ile ndiyo kazi ninayoiweza, na pale ilionekana upuuzi. Nikarusha kwa hasira, mpira ukapinda vizuri, ukamgonga Hilda mguuni, nami nikasahau niko wapi. Nikaruka juu, nikamgeukia mzee, kidole karibu na pua yake: "Hauzaaat! Hauzaaat, wewe!" Kitenge nilichofunga juu ya suruali kwa ajili ya heshima kikadondoka, mbuzi wakatimua mbio, na hakuna aliyecheka tena. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Mwalimu Alfons akainua kidole taratibu. "Hilda, umetoka."

Jioni tulikula ugali na samaki, na moyoni nilikuwa nimeshafunga begi, nimesharudi Kitura bila mchumba. Mzee akanawa mikono, akakohoa.

"Severin, huyu mwenzako akishaolewa, arudi kambini. Tena asichelewe."

Nikapiga goti nishukuru, kumbe hajamaliza.

"Sauti ile haifai kukaa nyumbani kwangu. Tangu mchana mama yako ananiita nayo: 'Hauzaaat, wewe!'"

Kutoka jikoni tukasikia mtu anacheka peke yake.

Basi ruhusa nilipata, na waamuzi wa nchi za watu nimewafokea wengi bila haya. Lakini baba mkwe nitampa wajukuu, nitampa kuku wa Krismasi. Uamuzi wa mechi sitampa tena.