Nilichokikwangua kwenye maikrowevu ya Mama Neema

Jamani, leo nimeumbuka hapa kibandani kwangu Chang'ombe, sijui niuweke wapi uso wangu.

Mama Neema ni mteja wangu, na haoni. Juzi aliniletea maikrowevu yake kuukuu, imekataa kuwaka. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshika mkono nikamkalisha kwenye benchi.

Nikabadilisha fyuzi, ikawaka.

Halafu nikanogewa. Nikaisugua mpaka ikang'aa. Kwenye vitufe kulikuwa na matone ya gundi yaliyokauka, nikayakwangua yote kwa wembe. (Tena nikajipongeza!)

Leo kaja kuichukua.

"Shikamoo mama. Utadhani imetoka dukani leo!"

"Marahaba, baba."

Akapitisha vidole kwenye vitufe. Akarudia.

"Mbona pako laini hivi?"

"Nimekutolea uchafu, mama. Kulikuwa na magundigundi."

"Ile gundi niliiweka mimi, baba. Ndiyo inayonionyesha pa kubonyeza."

Nyie mngejibu nini hapo?

Hakufoka. Angefoka ningepata nafuu.

Nikafunga kibanda, nikaibeba hadi kwake. Tukakaa jikoni, mimi na gundi yangu, yeye kaushika mkono wangu ananiongoza.

"Hapa. Hapana, rudi kidogo. Hapo hapo."

Gundi ilipokauka akapasha maziwa, akanimiminia kikombe.

"Kunywa, baba, yamepata moto."

Nimeyanywa nimeinamisha kichwa, kana kwamba ananiona.