Festo Alipokuja Kuomba Aitwe

Usiku ule nililala bila kumaliza kazi ya mistari miwili. Mama mfiwa alikuwa amenituma niandike maneno ya kuchongwa kwenye jiwe la kaburi la mwanawe, na fundi aliahidi kufika saa moja asubuhi. Niliandika "Hapa amelala Yohana," nikakata. Nikaandika tena vilevile, nikaiacha karatasi mezani na kuzima taa.

Nikajikuta kwenye uwanja wa shule yetu, juani, kwenye kiti changu cha zamani nyuma ya wavu, daftari la mechi magotini. Shule yetu ilipoanza kucheza besiboli, mimi ndiye niliyeandika matokeo na kuwaita wachezaji kwa majina, kila mmoja kwa zamu yake ya kupiga mpira kwa gongo. Festo amesimama kwenye kituta cha mrushaji. Amevaa jezi aliyorudi nayo kutoka Marekani, na kovu la upasuaji linashuka kiwikoni kama mshono wa gunia. Anarusha. Mpira unatoka mkononi mwake, na haufiki popote.

"Andika, Mwalimu," ananiambia.

Naandika Festo. Karatasini linatokea Yohana. Nafuta, naandika tena. Yohana.

Hapa lazima nieleze. Festo ndilo jina alilobatizwa. Yohana alikuwa mdogo wake, aliyefariki kwa homa akiwa darasa la tano, na kifo chake hakikuandikishwa popote. Watu wa kutafuta vipaji walipokuja kutoka nje na kuupenda mkono wa Festo, alikuwa na miaka ishirini na mbili. Wao walitaka mtu asiyezidi kumi na tisa. Cheti cha kuzaliwa cha Yohana kilikuwepo kabatini. Mimi ndiye niliyejaza fomu. Mimi pia ndiye niliyeng'oa msalaba mdogo wa mti nyuma ya nyumba yao, asubuhi ile wageni walipokuja kumwona mzazi. Kijiji kizima kilifundishwa kumwita mama yao Mama Yohana, si Mama Festo tena. Vijana wa rika lake walimtania: "We dogo, mbona huamkii wakubwa zako?" Naye aliinama, "Shikamooni, wazee." Tulicheka sana.

Sasa si uwanjani tena. Tupo kwenye baa ya sokoni, mbele ya runinga, siku aliyopandishwa timu kubwa. Miaka sita alizunguka kwa mabasi na timu za miji midogo, akapanda mara hiyo moja tu, kabla kiwiko hakijaharibika. Mtangazaji anasema Yohana, watu wanapiga meza, "Yohana! Yohana!" Mama yao ameketi kando yangu. Ananiuliza polepole, kama alivyoniuliza siku ile, "Mwalimu, na Festo wangu wanamtaja saa ngapi?" Nageuka nimjibu.

Runinga imepanuka, imekuwa uwanja. Ni zamu ya kupiga. Nasoma kwenye daftari: "Yohana!"

Wanasimama wawili. Festo, mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Na mtoto wa darasa la tano, peku, kaptula imefungwa kwa kamba, gongo limemzidi. Mtoto anakuja mbio akicheka, anajipanga mahali pa kupigia.

"Dogo, toka," anasema mwamuzi. "Yohana ameshapiga."

"Mimi sijapiga."

"Daftari linasema umepiga. Mwalimu, si ndivyo?"

Mtoto ananigeukia. "Mwalimu, nimepiga saa ngapi?"

Nataka kusema hapana. Daftari liko wazi, kila mstari una jina lake, kwa mwandiko wangu. Nakitikisa kichwa kukataa, na kichwa kinakubali. Mtoto analaza gongo chini kwa adabu, kama anayerudisha kitu cha shule, anaenda kukaa peke yake.

Festo amefika mbele yangu. Ananukia dawa ya kuchua.

"Nimemvaa mdogo wangu miaka yote," anasema. "Mmenizika bila kunivua."

"Mwanao, Neema, analitumia jina hilo," namwambia. "Vyeti vyake vyote."

"Neema mwacheni na vyeti vyake. Mama aniite. Kwa sauti, pale nilipolala. Akishaniita mimi, mtoto atapata zamu yake."

Anarudi kwenye kituta. Namkimbilia, na kadiri ninavyokimbia uwanja unazidi kurefuka. Anainua mkono ule wa kovu, anarusha, na safari hii mpira unakuja, unanijia usoni, nami sina glavu.

Niliamka. Kulikuwa kumepambazuka, na mke wangu alikuwa amenishika bega.

"Ulikuwa unaita mtu."

"Nani?"

"Festo. Ndiye nani?"

Mke wangu alihamia hapa jambo lile likiwa limeshapoa. Alimpikia Festo mara nyingi, na msibani alilia hadi sauti ikamkauka. Jina lake la ubatizo hakuwahi kulisikia.

"Ni yule tuliyemzika Jumamosi," nikamwambia.

Alinigusa paji la uso kuona kama nina homa. "Baba Rehema, tulimzika Yohana."

"Yohana tulimzika zamani."

"Wapi?"

Msalaba ulipong'olewa hakuna aliyeurudisha. Mvua zilisawazisha udongo, pakapandwa maharage, baadaye likajengwa banda la kuku. Leo sina hakika kama ni chini ya banda au kando yake.

Nilivaa viatu nikatoka, ili nimkute mama yao kabla fundi hajakoroga saruji. Njiani nilirudia maneno niliyopewa: mama aniite, kwa sauti, pale nilipolala. Ni maneno mepesi kubeba. Lakini nilikumbuka kwamba msibani, siku tatu mfululizo, yule mama alilia "mwanangu, mwanangu" tu, bila jina. Sijui kama bado anaweza kulitamka.