Taa Nyekundu ya Pikapu ya Babu

Pikapu ya babu ilikuwa na taa tatu kwenye dashibodi, kila moja kubwa kiasi cha punje ya haragwe: ya oili, ya joto na ya chaji. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naingia humo gari likiwa limezimwa, nashika usukani, na kuendesha hadi miji niliyoisikia redioni tu. Migomba ya kijiji chetu cha Kirushya ilipita dirishani. Ilipita kweli, mimi niliiona.

Babu alipofariki gari likabaki kwa baba mdogo. Siku moja alikuwa anamrudisha bibi kutoka kanisani, jua likampiga machoni, na dashibodi ya gari lile iko katikati, taa ya oili imekaa upande wa abiria. Ikawaka, yeye hakuiona. Bibi akaiona, akanyamaza. Walipofika karibu na nyumbani injini ikagonga mara tatu, ikafa.

"Mama, hukuiona hii taa?"

"Niliiona. Iliwaka vizuri tangu kule mtoni."

"Ukakaa kimya?"

"Sasa ningesema nini? Kanisani ile nyekundu ya kwenye tabernakulo ikiwaka tunajua Bwana yupo. Nikasema, kumbe hata humu yupo."

Baba mdogo aliketi kwenye majani kando ya barabara, akacheka cheko la mtu aliyechoka. Injini aliitengeneza, ilichukua miezi, lakini moyo wake haukurudi. Akasema maharage yakishavunwa, gari linakwenda kwa mtu wa chuma chakavu.

Aliyeumia ni bibi. Dada yake mkubwa anaishi Kaniha, upande wa Biharamulo, miguu yake haimbebi tena. Walikuwa hawajaonana miaka minne. Basi linamtapisha bibi kabla halijaondoka stendi, pikapu tu ndiyo anayoiweza. Kwenye simu walikuwa wanaongea kila Jumapili, na kila akimaliza bibi ananirudishia simu akisema, "Sauti haina mikono."

Mimi niliishia kidato cha pili, nikaenda kujifunza umeme wa magari kwenye gereji moja Biharamulo. Pale kulikuwa na malori mabovu, na kwenye dashibodi zake geji za mishale zilizolala. Nilikuwa nazitazama wakati wa chakula. Niliwaza kwamba taa ya babu inajua neno moja tu, na hulisema mambo yakiwa yameshaharibika. Mshale unatembea polepole, mtu anauona unakokwenda. Nikamwomba fundi wangu geji tatu, akanipa, nikapanda gari kwenda Kirushya nimezifunga kwenye sweta kama mayai.

Baba mdogo alinisikiliza nilipomweleza kwamba nataka kuzifunga badala ya zile taa, akasema, "Likipanda mlima wa Biharamulo na kurudi, siliuzi. Likinifia njiani, utalisukuma wewe hadi kwenye mizani ya chuma chakavu."

Nilifanya kazi siku nne chini ya paa la jiko la nje. Matundu ya taa nilipanua kwa tupa, taratibu, maana bati la zamani halina msamaha. Kwenye injini nikafungua swichi ndogo za zamani, nikafunga vidude vinavyopima oili na joto. Geji zenyewe zilitoka kwenye malori matatu tofauti, moja uso mweupe, mbili nyeusi. Zilinitazama kama watoto wa mama mbalimbali waliopigwa picha pamoja, na mimi nikazipenda zote.

Nikawasha. Oili ikapanda. Joto likaanza kusogea. Geji ya umeme ikabaki chini, imelala. Altaneta, mashine ya kuchaji betri, haikuchaji. Nilikagua waya hadi vidole vikawa vyeusi, mwishowe nikampigia fundi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Kile kibalbu cha chaji umekitupa wapi?"

"Kipo mfukoni."

"Kirudishe. Altaneta hiyo ya kizamani inaamshwa na umeme unaopita kwenye hicho kibalbu. Umemnyima mwenzio chai ya asubuhi, halafu unamdai akalime."

Nikatoboa tundu dogo pembeni, nikakirudisha. Bibi alikuja na fimbo yake kuangalia. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, yeye huniita mume wake.

"Mume wangu, umeniachia taa moja."

"Nimekuachia. Lakini hii ikiwaka injini ikiunguruma, useme. Injini ikishashika, inatakiwa izime."

Akafikiri. "Kama ile ya kanisani inavyozimwa Ijumaa Kuu."

"Kama Ijumaa Kuu, ila sisi hapo tunafurahi."

Kwenye geji ya joto nikaweka alama ya rangi nyekundu. Nikamwambia ni kama chungu cha maharage: mshale ukifika hapo, kifuniko kinaruka.

Tuliondoka asubuhi, ukungu bado umekaa mabondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Baba mdogo usukanini, bibi katikati, mimi dirishani, nyuma ndizi na mbegu za maharage. Sijui nilikuwa wapi kwa mawazo. Vilima vilikuwa vinafunguka kimoja baada ya kingine, na mimi nilikuwa ninaendesha kwenda ile miji yangu ya redioni. Ni bibi aliyekuwa macho.

"Mshale umetembea."

"Kilele kile pale, mama," baba mdogo akasema. "Dakika mbili."

"Hayo unasema wewe au mshale?"

Akasimamisha gari. Mpira wa rejeta ulikuwa unavuja uzi mwembamba wa maji. Tukasubiri upoe, nikaufunga kwa kipande cha tyubu, tukaongeza maji ya dumu. Bibi aliketi ndani hakushuka, anaulinda mshale ukirudi chini, midomo inacheza kama anayesali rozari. Upepo ulikuwa unapita kwenye nyasi, na nilijisikia kama gari lote linapumua.

Kaniha tulifika mchana. Dada yake alikuwa amewekwa kwenye mkeka mlangoni. Bibi alipiga magoti, "Shikamoo dada," na yule hakuitika. Alimshika mashavu, akamshika mabega, akamshika mikono, kidole kimoja kimoja, ndipo akasema marahaba. Nilikwenda nyuma ya nyumba kwa muda.

Niliporudi nilimkuta baba mdogo anafuta vioo vya geji kwa upindo wa shati.

"Yule wa chuma chakavu akipiga," alisema bila kugeuka, "mwambie amekosea namba."

Kesho yake wakati wa kuondoka tulimbeba dada mtu hadi mlangoni mwa gari, aone. Baba mdogo akageuza ufunguo, taa nyekundu ikawaka, na wazee wale wawili wakapiga ishara ya msalaba kwa pamoja. Injini ikashika. Taa ikazima. Dada mtu akashtuka, akamshika bibi mkono.

"Usiogope," bibi akamwambia. "Hii ndiyo kawaida yake. Tutarudi nayo."