Kitu Kisichotajwa katika Jukwaa la Jua

Klabu ya besiboli ya Wafua Chuma inapenda kuwafahamisha mashabiki wake wapendwa kwamba kumwondoa uwanjani mrushaji Yadiel Tavares, Jumapili iliyopita, baada ya awamu saba kati ya tisa, ulikuwa uamuzi wa pamoja, uliofikiwa kwa utulivu na kwa kuzingatia sayansi. Mkono wa kijana huyu ni amana ya mji mzima. Klabu inatazama mbali, na huko inakotazama inamwona Tavares angali amevaa jezi yetu. Mashabiki wanashukuriwa kwa uvumilivu wao.

Tangazo lilitoka gazetini Jumatatu asubuhi. Emil Palko alilisoma akiwa amesimama jikoni, akalirudia kwa sauti ili mkewe Irena apate kuchukia pamoja naye, kisha akamwaga maganda ya viazi juu ya gazeti.

"Uvumilivu!" alisema. "Neno hilo huambiwa mgonjwa daktari akiwa amekwenda kula."

Emil ana miaka sabini na mmoja. Aliendesha kreni katika kiwanda cha chuma hapa kando ya Ziwa Erie mpaka kiwanda kilipofungwa, na tangu hapo kazi yake ya kudumu ni kuchukizwa na Wafua Chuma. Ni kazi isiyo na likizo. Majira ya baridi, wakati hakuna mchezo, huchukizwa na usajili. Akiwa nyumbani huifunga televisheni sauti na kufungulia redio, kwa sababu mtangazaji wa televisheni hucheka timu ikifungwa, na Emil anaamini kwamba mtu anayelipwa kutazama msiba angalau akunje uso.

Chini ya karaha yote hiyo kuna jambo moja analolitaka. Marehemu baba yake aliwahi kukiona kitu ambacho shabiki anaweza kufika kaburini bila kukiona: mrushaji mmoja kucheza awamu zote tisa bila mpigaji yeyote wa upande wa pili kupata hata mpigo mmoja wa halali. Mzee alikiona angali kijana, akakisimulia kila Siku ya Shukrani, bata mzinga akiwa mezani anapoa, na kila mara alimaliza kwa kumgeukia mwanawe: "Na wewe, umeona nini?" Emil hakuwa ameona kitu. Magoti yake siku hizi hupanda ngazi za uwanja kwa awamu, nayo pia ni kama tisa, na hataki kwenda kumkuta mzee akiwa na jibu lile lile.

Sasa, kitu hicho kikianza kunukia, hakitajwi. Ukikitaja kinakimbia. Hilo ndilo jambo pekee lisilobishaniwa katika Jukwaa la Jua, yale mabenchi yasiyo na paa nyuma ya uwanja, ambako sisi wengine tumekaa miaka mingi tukibishania kila kitu, kuanzia macho ya mwamuzi hadi ukoo wake.

Jumapili ile, kufikia awamu ya tano, jukwaa zima lilikuwa kimya kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Tavares alikuwa anarusha, wapigaji wanakuja, wapigaji wanarudi walikotoka. Dolores Zupan, msimamizi mstaafu wa mabasi ya shule, mwanamke ambaye sauti yake iliwahi kumfanya mwamuzi ageuke na kuomba radhi, aliamua kuzungumzia bustani.

"Nyanya zako vipi mwaka huu, Emil?"

"Zina wadudu."

"Wadudu wabaya."

"Wabaya sana."

Norbert Fahey, aliyemwoa dada yake Emil, alijisogeza kwenye benchi. "Shemeji, mimi nimebanwa tangu awamu ya nne."

"Kaa."

"Nakwenda na kurudi."

"Norbert," alisema Dolores bila kugeuza kichwa, "ukiinua hayo makalio nakuvunja." Maana katika saa kama hiyo hakuna anayebadilisha mahali wala mkao, na Norbert, aliyesomesha kemia sekondari maisha yake yote, alikaa akakunja miguu.

Awamu ya saba ikaisha. Bado hakuna mpigo. Nilimtazama Emil. Alikuwa ameshika soseji yake kwenye mkate tangu mchana, haradali imemwagikia kidoleni na kukauka, na hakuthubutu kuilamba.

Ndipo awamu ya nane ikaanza, mlango wa mbali ukafunguka, na badala ya Tavares akatoka mrushaji wa akiba, Grubb, akikimbia polepole kama mtu aliyetumwa dukani. Kocha mkuu Kessler alisimama kando, mikono mifukoni. Kessler ni kijana wa takwimu. Inasemekana kompyuta yake ilimwonyesha kuwa wapigaji wakimwona mrushaji mara ya tatu humzoea. Haikumwonyesha sisi.

Emil akasimama. Magoti yalilia, naye akalia zaidi yao:

"Kessler! Mnamtoaje mtu ambaye hajapigwa hata moja?"

Safu nne ziligeuka. Dolores alijifunika mdomo, kama mtu aliyesikia tusi katikati ya misa.

"Umekitaja," alisema.

"Si ameshatolewa!"

"Kilikuwa hai, Emil! Vitabu vinakihesabu hata kikigawanywa kwa warushaji wawili. Kilikuwa hai!"

Mpira wa pili wa Grubb ulipigwa na mtu ambaye hakuwa amepiga chochote cha maana tangu Juni. Ulipaa kwa uvivu, ukatua kwenye nyasi pasipo na mtu, taratibu, kama yai linalowekwa kapuni.

"Hongera, shemeji," alisema Norbert, akainuka hatimaye kwenda msalani.

Tulifungwa mbili kwa moja. Tukahamia baa ya Hruska iliyo ng'ambo ya barabara, ambako kabla bia ya kwanza haijafika kambi mbili zilikuwa zimeshaundwa.

"Kompyuta ndiyo iliyokiua," alisema Emil.

"Kompyuta haina mdomo," alisema Dolores.

"Na hata kingefika mwisho, mimi nisingekihesabu. Mchezo safi wa warushaji wawili ni kama kwenda harusini ukakuta bwana harusi kaondoka katikati ya kiapo na binamu yake anamalizia."

"Afadhali binamu kuliko kubaki na keki."

"Kisayansi," alianza Norbert, "sauti haiwezi..."

"Wewe nyamaza," alidakia mwenzetu mmoja wa jukwaani. "Kibofu chako ndicho kilichotutia mkosi." Hapo kambi zikawa tatu.

Jumanne Emil alipiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio ili amchambue Kessler mbele ya mji. Alisubiri foleni mpaka kahawa ikapoa. Mtangazaji alipomfikia alisema, "Emil? Emil wa Jukwaa la Jua? Yule wa mdomo?" Norbert alikuwa amempiku, alikuwa ameshaueleza mji kisa chote, kwa ajili ya ukweli.

Emil akakata simu. Akamwapia Irena kwamba hatakanyaga tena uwanja ule.

"Uliapa pia mwaka ule walipobadilisha haradali," alisema Irena.

"Hii ni ya kweli."

"Na ile je?"

"Ile ilikuwa haradali mbaya sana."

Alhamisi Norbert alikuja na soseji zilizokaushwa kwa moshi, akazikabidhi juu ya ua kama mjumbe wa nchi iliyoshindwa. Emil alikuwa anaokota viwavi kwenye nyanya, anawatumbukiza katika kopo la maji ya sabuni mmoja mmoja, na kwa jinsi alivyowatazama nadhani kila mmoja alikuwa na jina la kiongozi wa klabu.

"Jumamosi unakuja?"

"Siji. Wananichefua. Klabu, kocha, na wewe."

"Haya."

Akatumbukiza kiwavi mwingine. Akamtazama akizama.

"Nani anarusha?"

"Tavares. Ni zamu yake."

Emil alijifuta mikono kwenye suruali, polepole, kila kidole peke yake.

"Nakuja kwa ajili ya kijana. Si kwa ajili yao. Na sitasema neno, hata uwanja ukiwaka moto."

"Nitamwambia Dolores."

"Mwambie akae mbali nami. Mwambie azungumzie nyanya."

Ijumaa asubuhi aliipiga jezi pasi mwenyewe, akapaka magoti dawa, akamwuliza Irena kama Jumamosi kuna mvua. Hapakuwa na mvua.

Ijumaa saa tisa alasiri klabu ilimpeleka Yadiel Tavares kwa timu moja ya pwani ya magharibi, kwa kubadilishana na vijana wawili na mchezaji wa tatu ambaye jina lake litatajwa baadaye.