Gambuti la Wamalwa

Mwaka ule wa 2003 shangazi yangu Wilkista alikuwa akiingia shambani kila asubuhi na gambuti moja mkononi. Moja tu, la mguu wa kulia. Majirani wa upande ule wa Kitale waliokuwa wakipeleka maziwa walimwona, wakasalimia, wakaongeza mwendo. Mtu aliyefiwa juzi haulizwi maswali mengi. Aliyefiwa juzi halafu anatembeza kiatu cha marehemu haulizwi hata hali.

Gambuti lilikuwa la mumewe, Wamalwa, mtu mrefu ambaye alizikwa mwezi wa tatu. Miaka yote waliyolima pamoja, nyumba hiyo ilikuwa na kipimo kimoja. Wamalwa alivaa magambuti yake, akasimama katikati ya mistari, na siku jani la mahindi lilipogusa mdomo wa gambuti, hiyo ndiyo siku ya kuweka mbolea ya kukuzia. Si kabla, si baada. Ukiweka mapema, alisema, mvua inaibeba kwenda kulisha mto. Ukichelewa, mahindi yameshakata tamaa. Watu wengine walipima kwa goti, naye akawacheka: goti la nani? Langu au la Gathoni? Gathoni ni jirani yao, mama mnene mwenye miguu mifupi na mdomo mrefu.

Sasa Wamalwa hayupo, gambuti lipo. Senge, maana hivyo ndivyo kwetu tunavyomwita dada ya baba, alilisimamisha kando ya shina, akainama, akatazama. Jani lilifika penye kifundo. Akahamia mstari mwingine. Kifundo.

"Bado," akasema.

Hakuwa akicheza. Baada ya mazishi, ukoo ulikaa kikao kule Chwele. Mukhisa, mdogo wa marehemu, alitaka shamba likodishwe, Wilkista na binti yake Joy wahamie Bungoma kwa mama mkwe. Wilkista akaomba aachiwe msimu mmoja aonyeshe kwamba anaweza kulima. Wakakubali, kwa sharti lao. Mahindi yakishatoa mbelewele kileleni, Mukhisa angeingia katikati ya shamba na kofia yake kichwani, wenzake wabaki barabarani. Wasipomwona, shamba limemmeza, Wilkista aendelee kulilima. Wakiiona kofia, basi. Na hapo tuseme ukweli, Mungu alikuwa amempendelea kwa kumpa hakimu mfupi. Mukhisa akisimama nyuma ya ng'ombe, unaona ng'ombe.

Mimi nilikuwa nimetumwa na baba kwenda kumsaidia kupalilia, kwa kuwa chuo cha kilimo nilikiacha katikati na nyumbani nilikuwa nakula bure.

"Senge, haya mahindi yana njaa," nikamwambia. "Si uone rangi. Yamekuwa ya manjano kama kifaranga."

"Hayajafika kwa gambuti."

"Na hayatafika! Yalipandwa bila mbolea. Ile ya kupandia si iliuzwa tukalisha watu wa matanga? Sasa unangoja mtoto anenepe ndipo umpe uji."

Akaninyooshea gambuti kama bastola. "Wewe diploma yako ilifika magotini ikaacha kukua. Usinifunze urefu."

Nikapalilia mpaka saa sita.

Ugumu wenyewe ulikuwa gunia. Lilikuwa moja, la mbolea nyeupe ya chembechembe, ambalo Wamalwa alilinunua kabla ya kuugua. Senge aliliweka chini ya kitanda na kulala juu yake. Hakukuwa na lingine, na halingekuja lingine. Aliposhika gambuti, alikuwa ameshika neno la mtu ambaye hakuwahi kukosea msimu. Angelimwaga siku mbaya, angekuwa amemwaga shamba.

Ng'ambo ya ua, mahindi ya Gathoni yalikuwa yamefika kiunoni.

"Mama Joy!" Gathoni aliita. "Leo kiatu kimesemaje?"

"Kimesema ufunge mdomo."

Gathoni akacheka, kisha akasogea karibu na ua na sauti ikashuka. "Weka bana. Weka hata leo, mvua ingalipo. Mimi nitakusaidia kumwaga."

"Bado kidogo tu, Gathoni."

Hiyo bado kidogo ilikula mwezi wa sita karibu wote. Mvua ikaanza kuruka siku, ikaruka siku mbili, ikazoea. Asubuhi moja nilimkuta senge amepiga magoti penye bonde, mahali ambapo udongo ulikuwa bado tope. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa akilisukuma gambuti chini kwa mikono yote miwili, analizungusha, analididimiza, mpaka jani moja jembamba likalala kwenye mdomo wake.

"Limegusa," akasema. Hakugeuka. "Umeona limegusa?"

Gambuti lilikuwa limezama zaidi ya nusu. Mimi mtu wa maneno mengi, siku hiyo nilipata moja tu.

"Limegusa, senge."

Tukakimbia kuleta gunia. Tulimwaga siku nzima, kijiko kwa kila shina, Gathoni naye akaruka ua na sketi yake ikachanika. Jioni shamba lilikuwa na chembe nyeupe kila mahali. Tukaangalia mawingu ya mlima Elgon. Mawingu yakatuangalia, yakaenda zao.

Zile chembe zilikaa juu ya udongo mkavu kama chumvi iliyomwagika mkekani. Senge alijaribu kunywesha mahindi kwa jerikeni, shina baada ya shina, na shamba la ekari mbili likimcheka. Mvua iliporudi, mahindi yaligeuka kijani ghafla, hata tukapata matumaini ya kijinga. Lakini yalikuwa yameshaamua. Yalitoa mbelewele yakiwa kifuani.

Mukhisa alikuja na wazee wawili wa Chwele. Nyuma yao alitembea Kang'ethe, aliyetaka kulikodi shamba, mikono mgongoni, anatazama udongo bila kututazama sisi. Mukhisa alisalimia vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Aliweka kofia sawa, akaingia.

Kofia ikaenda juu ya mbelewele, polepole, kama inaelea. Chini yake uso wake mzima ulionekana, hata masharubu.

"Shemeji!" senge akaita kutoka barabarani. "Inama kidogo, shemeji. Kidogo tu."

Kang'ethe akakohoa. Kofia ikasimama. Halafu, naapa, ikashuka. Ikapotea kabisa. Kwa pumzi moja shamba lilikuwa limemmeza Mukhisa, na senge alinishika mkono akanifinya mpaka mfupa.

"Mukhisa!" mzee mmoja akapaza sauti. "Simama kama mwanamume bana, tunapima!"

Kofia ikapanda tena.

Alitoka na unga wa mbelewele mabegani. Aliongea akitazama ua. "Utavuna, shemeji. Mavuno yako hakuna atakayeyagusa. Ukishamaliza, Kang'ethe alete trekta. Wewe na Joy mje kwa mama."

"Ndiyo, shemeji."

Nilimngoja senge apige mayowe. Badala yake alichukua kikapu. "Hamtaondoka bila kula," akasema. "Ngoja nichume kunde." Kunde alikuwa amezipanda katikati ya mahindi. Akaingia, akainama.

Wazee wakakaa kwenye gogo wakaanza kuzungumza habari za ng'ombe. Kang'ethe akaanza kutembea mpakani. Jua likasogea, kunde hazikuja.

"Shemeji ameenda wapi?" Mukhisa akaniuliza.

"Si yuko shambani."

"Wapi? Mbona simwoni?"

"Aliingia pale pale ulipoingia wewe."

Mukhisa akasimama kwa ncha za vidole, akavua kofia, akaita. "Shemeji! Mama Joy!"

Mahindi yakatikisika upande wa chini, yakatulia. Senge hakuitika.